Vichwa vya risasi kwa bunduki ya kuwindia: aina tatu nilizozijaribu

Kwa Kiswahili neno risasi hubeba maana mbili, madini na kile kinachotoka mtutuni, na pengine ndiyo maana wawindaji wengi hununua boksi bila kuuliza kichwa cha risasi kimeundwaje. Nimejaribu aina tatu kwa bunduki moja inayotumia risasi za kipimo cha .308 Winchester, ambayo mifereji ya ndani ya mtutu wake, inayozungusha kichwa kikitoka, humaliza mzunguko mmoja kila inchi 12, na kipimo hicho ndicho kilichoamua mengi.

Aina ya kwanza ni vichwa vya madini ya risasi vilivyovikwa koti la shaba, vyenye ncha laini na uzito wa greni 165, yaani gramu 10.7 hivi. Nikiwa nimeegemeza bunduki kwenye mifuko ya mchanga na kuuacha mtutu upoe, matundu matano kwenye karatasi ya shabaha yalikaa ndani ya sentimita 4 kwa umbali wa mita 100. Kasoro yake ni kwamba mnyama akipigwa kwa karibu, kichwa huweza kumeguka na kuacha chembe za madini yenye sumu ndani ya nyama. Kichwa kiitwacho Nosler Partition, kilichoanza kuuzwa mwaka 1948, kilipunguza tatizo la kumeguka kwa kuweka ukuta wa shaba katikati, ili sehemu ya mbele ipanuke huku ya nyuma ikibaki nzima.

Vichwa vya shaba tupu ndivyo vilivyonisumbua, na kosa lilikuwa langu. Shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, kwa hiyo kichwa cha uzito uleule huwa kirefu zaidi, na kilicho kirefu hutaka kuzungushwa kwa kasi zaidi ndipo kitulie hewani, kuliko mifereji yangu ya inchi 12 inavyoweza. Vya greni 180 vilitawanyika sentimita 9, na tundu moja lilikuwa na umbo la yai, dalili kwamba kichwa kilifika kikiyumba. Nilisugua mtutu hadi masalia ya shaba yakaisha, nikashuka hadi greni 150, na matundu yakarudi ndani ya sentimita 3. Hubaki na karibu uzito wote na hupenya sana, ila vikipoteza kasi kwa umbali mkubwa huenda visifunguke.

Aina ya tatu, vichwa vya mashindano ya kulenga shabaha, vilishinda vyote kwenye karatasi ya shabaha, lakini sitakwenda navyo porini: havikuundwa kufunguka kwa mpango, hivyo huweza kupita bila kupanuka au kupasuka karibu na ngozi, na mnyama akakimbia na jeraha.

Nimechagua shaba ya greni 150, na sasa nanunua maboksi yenye namba ileile ya toleo la kiwandani, kwa kuwa toleo jingine la risasi hizohizo lilihamisha matundu sentimita 4 kushoto ilhali darubini haikuguswa.