Florida Memory: nilifuata rangi moja, nikakesha

Kazi yangu ni kufufua picha zilizofifia, kwa hiyo macho yangu huona rangi kabla ya sura. Niliingia Florida Memory, hazina ya mtandaoni ya nyaraka za jimbo la Florida, Marekani, kutafuta mfano mmoja tu wa nyekundu ya miaka ya 1950. Nikaja kushtuka kumekucha.

Zilizonifanya nikeshe ni picha za Kodachrome, filamu ya rangi ya kampuni ya Kodak. Filamu ile ilitiwa rangi wakati wa kusafishwa, haikuwa nayo tangu kiwandani, na ikihifadhiwa gizani rangi yake hudumu miaka na miaka. Filamu nyingine za wakati ule zinaniletea kazi kila wiki: anga ya zambarau, nyuso kama zimepakwa matofali.

Anza na mpiga picha Joseph Steinmetz, aliyehamia mji wa Sarasota, Florida, mwaka 1941. Huyu aliwapiga picha watu wakiwa wanaishi tu. Kambi za matrela, wastaafu waliokimbia baridi ya kaskazini, viti vya kukunja, kivuli cha turubai. Ukitazama kwa haraka utasema hakuna kitu hapo. Rudi uangalie meza ina nini juu yake.

Nguva wa Weeki Wachee, chemchemi ya kitalii huko Florida, nao ni kichekesho kizuri: tangu 1947 wanawake wanacheza chini ya maji, wanavuta hewa kwa mrija wa mpira, na bado wanapata nafasi ya kula ndizi huku wakitabasamu. (Mimi ndizi hunipalia hata nikiwa nimekaa kitako.)

Ila nyingi ya picha hizi zilipigwa ili kuuza jua kwa watalii, na jua hilo halikuuzwa kwa kila mtu. Silver Springs, chemchemi nyingine ya kitalii huko huko Florida ambako mpiga picha Bruce Mozert alijulikana kwa picha zake za chini ya maji, Weusi hawakuruhusiwa. Wao walifunguliwa bustani yao, Paradise Park, mwaka 1949, kando ya mto uleule wa Silver Springs, mwendo mfupi tu kuelekea chini, boti zilezile za sakafu ya kioo, hadi ilipofungwa 1969. Mozert alipiga picha huko pia. Basi ukishatafuta picha za Silver Springs, andika na Paradise Park, kisha uzitazame pamoja. Mimi nilizirudia mara tatu.

Nyekundu yangu? Niliikuta kwenye taulo lililoanikwa nje ya trela. Nimeipakua bure, iko ukutani juu ya meza ya kazi.