Uzoefu wangu na seti ya mbegu za dawa za milima ya China

Mbegu zenyewe nazipa alama za juu. Pakiti ni nne: da huang (Rheum palmatum), hong jing tian (Rhodiola crenulata), qin jiao (Gentiana macrophylla) na chuan bei mu (Fritillaria cirrhosa). Za bei mu ni bapa na nyembamba. Ukiziinua mbele ya taa unaona ndani mstari wa kiinitete (mche mchanga ulio ndani ya mbegu), na mapepe ni machache. Ila pakiti hazina mwaka wa mavuno, na hilo ni kasoro kubwa, maana mbegu hizi huchakaa upesi zikikaa kwenye joto la chumba.

Tatizo ni kikaratasi cha maelekezo: kinasema mbegu zote zikae friji wiki nne kabla ya kuotesha. Sivyo kabisa.

Da huang haihitaji friji. Loweka usiku kucha, fukia sentimita 1, weka kwenye nyuzi 15 hadi 20, na wiki moja au mbili inatosha.

Hong jing tian ndiyo inayofaa zile wiki nne, kwenye nyuzi 2 hadi 5 na unyevu kidogo. Mbegu ni vumbi tupu, kwa hiyo changanya na mchanga mkavu, nyunyiza juu ya udongo na usifukie, kwani inataka mwanga. Mwagilia kwa kuweka trei ndani ya maji yapande kutoka chini. Ukimwaga juu, mbegu zinasombwa pembeni, na miche ikisongamana inapigwa na kinyausi, yaani ugonjwa wa kuvu unaoozesha miche michanga.

Qin jiao naharakisha kuota kwa asidi ya jiberelini (homoni ya mimea): miligramu 50 kwenye mililita 200 za maji, naloweka mbegu saa 24. Unga huo hauyeyuki vizuri majini, uanzie kwenye matone machache ya spiriti. Ukizidisha dozi, miche inarefuka, inapauka na kulala.

Bei mu ndiyo inayokatisha watu tamaa. Kiinitete chake hakijakomaa mbegu inapoanguka, hivyo ipe kwanza miezi miwili kwenye mchanga wenye unyevunyevu, nyuzi 10 hadi 15, ndipo iingie friji miezi miwili mingine. Ukianza na friji, kiinitete hakikui. Mwaka wa kwanza hutoa jani moja jembamba tu, kisha linakauka. Usimwage chungu hicho: kitunguu cha mmea kipo chini ya udongo, kidogo kuliko punje ya mchele, na kitachipua tena baada ya baridi.