Duka la mbegu la Nyakato: muuzaji anayekuambia usinunue

Kama una kipande cha ardhi nyuma ya nyumba hapa Mwanza na unataka kula mboga zako mwenyewe, kuna duka la pembejeo upande wa Nyakato ambalo nalipatia nyota tano kwa ushauri na kwa mbegu zinazoota, na nyota tatu kwa jinsi linavyotunza bidhaa. Ni chumba kimoja tu. Rafu za mbegu ziko kushoto, mbolea na dawa kulia, na nyuma kuna uga mdogo wenye trei za miche. Nimeanza kununua hapo tangu masika ya mwaka jana na nimepita nalo misimu yote, kwa hiyo ninachoandika nimekiona kikiota, na kingine kikikataa.

Mimi nakaa Kilimahewa, nyumba imebanwa na mawe. Udongo wetu ni ule wa kichanga ambao Wasukuma wanauita luseni. Unalimika kwa urahisi, lakini maji yanapita moja kwa moja na mbolea inashuka nayo. Matuta yangu yamekaa kati ya majabali mawili, na pale ambapo jiwe limekataa kabisa nimepanga viroba vya udongo. Nataja haya kwa sababu mzee wa duka aliyauliza yote kabla hajagusa rafu. Nilikuwa nimeomba mbegu ya nyanya. Akataka kujua napanda wapi, maji natoa wapi, jua linafika saa ngapi kwenye hayo matuta. Nilipomaliza akasema, "Mayo (yaani mama), nyanya ukiisia sasa utauguza tu. Chukua mchicha na chinese, nyanya njoo mwezi wa tano."

Alikuwa sahihi. Huku kwetu, nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa Ikweta, mchana haurefuki wala kufupika kiasi cha mmea kusumbuka, na hakuna baridi ya kuua kitu. Msimu wetu ni mvua. Vuli ni Oktoba hadi Desemba, masika ni Machi hadi Mei, halafu Juni hadi Septemba ni kiangazi. Nyanya inayokomaa katikati ya masika inakaa na majani mabichi usiku kucha, na bakajani, ugonjwa unaokausha majani, haihitaji zaidi ya hapo. Ukiisia Mei, miche inahamia tutani mvua zikiaga, na matunda yanaiva juu ya ardhi kavu. Ukisoma maelekezo nyuma ya pakiti nyingi utaambiwa habari za nafasi na kina, lakini hutaambiwa habari za Mwanza. Hizo lazima zitoke kwa mtu.

Kitu kilichonifanya nirudi ni sahani. Pale kaunta, karibu na mizani, mzee ana sahani za plastiki zenye kitambaa cha pamba kilicholowa. Kila mzigo mpya wa mbegu ukiingia anafungua pakiti moja, anapanga mbegu kumi kumi juu ya kitambaa, anafunika, na kwenye kipande cha karatasi anaandika jina la mbegu na tarehe. Ukiuliza kama bamia inaota hakuapii. Anafunua, unahesabu mwenyewe. Siku moja nilikuta sahani ya hoho ambayo mbegu nne tu ndizo zilizokuwa zimetoa mzizi, na wakati wake ulikuwa umepita. Zile pakiti alikuwa ameshazitoa kwenye rafu, amezifunga kwenye mfuko wa kurudisha kwa msambazaji. Katika maduka yote ya pembejeo niliyowahi kuingia mjini hapa sijaona pengine hasara ikiwekwa hadharani mbele ya mteja namna hiyo. Nami nyumbani siku hizi nafanya hivyo hivyo kabla ya kujaza kitalu, kwa kitambaa na kisosi.

Hauzi mbegu ya kupima kwa kijiko. Wengi tunaipenda ya kupimiwa kwa kuwa ni rahisi, unatoka na kifuko cha gazeti kwa shilingi mia tano, lakini haina jina, haina tarehe, na haina wa kumuuliza. Jirani yangu alipimiwa hoho sokoni, akazitunza vizuri na samadi juu, zikazaa pilipili kali. Hapa unapewa pakiti iliyofungwa yenye lebo ya TOSCI, ile taasisi ya serikali inayodhibiti ubora wa mbegu. Lebo ina sehemu ya kukwangua yenye namba ya siri, ambayo unaituma kwa simu na kujibiwa kama mbegu ni halali. Mzee anakukwangulia palepale ukimwomba. Pakiti ndogo nyingi ninazonunua ni kati ya shilingi elfu moja mia tano na elfu tatu.

Halafu kuna hili la kuambiwa usinunue, ambalo mwanzoni lilinishangaza kwa mfanyabiashara. Nilirudi kutaka Tengeru 97 ya msimu wa pili. Hii ni nyanya iliyotolewa mwaka 1997 kule Tengeru, Arusha, pamoja na ndugu yake Tanya, na kwa udongo wangu imefanya vizuri kuliko zote kwa kuwa inastahimili minyoo fundo, vijidudu vya udongoni vinavyoshambulia mizizi, ambavyo luseni imejaa. Mzee akaniuliza kama bado nina matunda shambani. Nikamwambia yapo. Akasema basi nisitupe hela, hiyo si chotara (mbegu ya kuchanganya aina mbili), itazaa kama mama yake. Nichague tunda zuri kutoka kwenye mmea wenye afya, nikamue ute wake kwenye kopo, niache siku mbili tatu uchachuke, nioshe, nianike kivulini juu ya sahani, maana kwenye karatasi zitagandia. Nimefanya hivyo na zimeota.

Kwa Anna F1, ambayo ni chotara, akanieleza kinyume chake. Unaweza kukamua mbegu zake, zitaota, lakini watoto watatawanyika kila mmoja na tabia yake, kwa hiyo hiyo ni ya kununua kila mara. Na pakiti ya chotara ni ghali, mbegu ni nyingi kuliko anazohitaji mtu wa matuta machache. Hapo ndipo trei za uani zinaposaidia. Anaisia mwenyewe na kuuza mche mmoja mmoja, shilingi mia. Nilichukua miche kumi na miwili ya Anna nikaipanda vuli chini ya varanda ya nailoni, na hiyo ndiyo nyanya pekee niliyoila Desemba bila kwenda sokoni.

Kwa mpangilio huo nimejifunza kugawa mbegu zangu mafungu mawili. Mchicha, mnavu, kunde, bamia, maboga na nyanya za kawaida naacha mimea michache izae mbegu. Karoti, kabichi na vitunguu nanunua, kwa sababu mimea hii hutaka kupigwa na baridi ya muda mrefu ndipo itoe maua, na baridi hiyo Mwanza hatuna. Maboga nayo yana sharti lake. Kama jirani kapanda aina nyingine, nyuki watachanganya, na mwakani utavuna usichokijua.

Mboga za majani sitazisemea sana, zinaota kwa kila mtu. Mchicha wa Madiira una majani mapana na unachumika muda mrefu. Mnavu wa Nduruma ni mtamu, watoto wangu wanaula bila kulazimishwa. Chinese ya Michihili masika ilinikubali, kiangazi ilimalizwa na vidukari. Sukuma wiki inakwenda mwaka mzima ukiweza kumwagilia. Kunde nilisia vuli kwa ajili ya majani, nikayachemsha na kuyaanika juu ya jiwe la nyuma ya jiko, nikawa na nsansa ya kulia kiangazi. Hilo nilifanya kama alivyofanya mama yangu, duka halikuhusika, ila mbegu ilikuwa yao.

Karoti ndiyo nataka niizungumzie, kwa sababu watu wengi hapa Mwanza wamekata tamaa nayo na luseni yetu ni udongo wake hasa. Mzee alinipa aina ya Nantes. Akaniambia nisiweke samadi mbichi, itapasua mzizi uwe na miguu miwili. Nitumie tuta lililokuwa na mboga za majani msimu uliopita. Mbegu nizichanganye na mchanga mkavu ili zisianguke kwa mafungu, mfereji uwe na kina cha ukucha tu, na nikishafukia nifunike gunia la katani lililoloweshwa. Karoti inaweza kuchukua wiki mbili kuota, na luseni juu inakauka ikifika saa nne asubuhi. Wengi wanadhani wameuziwa mbegu mbovu kumbe mbegu ilianza kuchipua ikafa kwa kiu kabla hawajaiona.

Nilikuwa nainua pembe ya gunia kila asubuhi. Kwanza mchanga unapasuka ufa mwembamba kufuata mstari. Kesho yake ndani ya ufa unaona shingo nyeupe zilizojikunja, kichwa bado kiko chini. Kisha zinanyooka, na majani mawili membamba kama sindano yanatoka yakiwa bado yamebana ganda la mbegu kwenye ncha. Hapo gunia linaondolewa siku hiyohiyo, lakini jioni, maana ukiyafunua saa sita mchana jua linayachoma. Baada ya hapo ni kupunguza tu, moja na mwenzake wapishane vidole vitatu. Nilivuna Septemba karoti zilizonyooka, na nilimpelekea mzee fungu moja.

Sasa kasoro, na hizi nimemwambia mwenyewe. Rafu ya mbegu ya karibu na mlango inapigwa na jua la alasiri, na paa ni bati bila dari. Joto na unyevu ndivyo vinavyoua mbegu, na mwanzo wa vuli Mwanza tunavyo vyote viwili. Nyanya na mchicha amezihamishia rafu ya ndani baada ya kusema naye, lakini mbegu za vitunguu, ambazo hupoteza uhai haraka kuliko karibu zote, nilizikuta bado pale pale mwezi uliopita. Red Bombay niliyonunua Aprili iliota vizuri kwa kuwa mzigo ulikuwa mpya. Ile niliyonunua baadaye iliota nusu, na kitunguu ukishachelewa kitalu umechelewa kiangazi chote. Kwa muuzaji mwenye bidii ya sahani, pazia la mlangoni si gharama.

Bei haziandikwi. Mzee ni mwaminifu, bei ninayopewa ndiyo anayopewa mwenzangu, nimesikiliza. Ila kijana anayemsaidia Jumamosi hazijui zote na unasubiri apige simu. Na kwenye dawa, kijana huyo ana haraka. Nilipeleka jani lenye michoro ya kantangaze, yule nondo wa nyanya aliyeingia nchini mwaka 2014, akataka kuniuzia chupa ya kwanza iliyo karibu. Mzee alipokuja alinirudisha nyuma. Nianze kwa kuchuma majani yenye mashimo na kuyafukia mbali, dawa ibadilishwe aina kila baada ya muda kwa sababu mdudu huyu anazizoea, na nihesabu siku za kusubiri kabla ya kuchuma nyanya. Kwa bustani ya nyumbani, ambapo mtoto anachuma na kula hapohapo, maelezo hayo ndiyo ninayoyataka kwa kila mteja, mzee awepo asiwepo.

Mgagani hupati. Nimeuliza mara nyingi, mbegu iliyofungwa haiji, na yeye hataki kuchukua ya kupima. Ninayo yangu kutoka kwa shangazi Misungwi.

Wanafungua saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, Jumapili wamefunga. Ukitaka kumkuta mzee nenda siku za kazi kabla ya saa sita. Analipwa taslimu au kwa simu. Pumba za mpunga za kufunikia kitalu anakupa bure ukienda na kiroba chako, na miche ya trei inaisha mapema, kwa hiyo unayetaka nyanya za vuli mwachie jina lako Agosti. Vitunguu ulizia mzigo umeingia lini, na uombe akufunulie sahani kabla hujalipa.