Jarida la mwaka la rejimenti: kilichomo ndani na namna ya kulisoma

Rejimenti nyingi (vitengo vikubwa vya jeshi vyenye jina na historia yake) zinazofuata desturi za jeshi la Uingereza hutoa jarida mara moja kwa mwaka. Mbele huwa na mafanikio ya miezi 12 iliyopita, katikati picha za gwaride, michezo na mesi (ukumbi wa chakula na burudani wa wanajeshi), na mwishoni mipango ya mwaka unaofuata. Wanunuzi wake ni askari wastaafu, familia na watafiti. Kama ukumbusho wa kuweka kabatini, karibu yote yanafaa. Lakini anayetaka kujua hali halisi ya rejimenti atapata machache yanayostahili bei yake, na kipimo chetu ni hiki: nunua matoleo mawili yanayofuatana. Fungua mipango ya toleo la zamani, iweke kando ya mafanikio ya toleo jipya, kisha pigia mstari kila ahadi ambayo haikutajwa tena. Jarida zuri hueleza ahadi ilikwamia wapi. Jarida bovu hunyamaza na kuweka ahadi nyingine.

Anza na idadi ya askari. Mhariri makini hutoa tarakimu tatu: ikama (idadi inayotakiwa kuwapo), waliopo, na wanaoweza kutumwa kazini. Wengi hutoa ya pili peke yake. Chukua mfano wa kikosi kimoja cha rejimenti chenye ikama ya 650 na askari 560 kwenye orodha. Asilimia 86, si haba. Sasa toa walio kozini, wagonjwa, walioazimwa na makao makuu, na wanaosubiri kustaafu. Wakibaki 430, kikosi kimeshuka hadi asilimia 66 ya ikama, na hapo ndipo utaelewa kwa nini kombania moja, yaani sehemu ya kikosi, ilifanya zoezi ikiwa na platuni (vikundi vyake vidogo) mbili badala ya tatu. Angalia pia ni nani wanaoondoka. Askari wapya 40 hawafidii pengo la makoplo na masajini 15, kwa sababu askari wa kawaida hupatikana ndani ya mwaka, ila sajini hutengenezwa kwa miaka mingi.

Ukurasa wa shabaha ndio unaopendezeshwa kuliko yote. "Asilimia 95 walifaulu" ni sentensi isiyo na maana hadi ujue waliofyatua walikuwa wangapi. Wakifyatua 300 na kufaulu 285, hiyo asilimia 95 ni ya kweli kabisa. Lakini kama kikosi kina watu 560, waliothibitishwa ni karibu nusu tu. Tafuta vilevile kama mtihani ulikuwa wa mchana peke yake au na usiku, na kama ulifanywa kwenye kiigizi cha kompyuta au kwa risasi za moto uwanjani. Jarida lisilotenganisha haya limeandikwa na mtu anayemwandikia mkubwa wake.

Mazoezi nayo yana ngazi: seksheni ya watu 8 hadi 10, platuni ya watu 30 hivi, kombania ya watu 100 na zaidi, halafu kikosi kizima. Mazoezi 14 kwa mwaka yanasikika mengi. Yakiwa yote ya ngazi ya platuni, mkuu wa kikosi na makao yake hawajawahi kujaribiwa kuendesha kombania zote kwa pamoja, wakilisha, wakijaza mafuta na kuhamisha majeruhi huku redio zikisumbua. Zoezi moja la kikosi kizima lenye maelezo ya kilichoharibika lina thamani kuliko orodha ya majina ya mazoezi ukurasa mzima. Uwe macho na tarehe pia: baadhi ya majarida hufuata mwaka wa kalenda, mengine mwaka wa fedha. Rejimenti ikibadili utaratibu, zoezi moja la Machi huweza kuhesabiwa katika matoleo mawili.

Kuhusu magari, uliza takwimu ilichukuliwa siku gani. Ya siku ya ukaguzi haifanani na wastani wa mwaka, maana wiki chache kabla ya ukaguzi vipuri hung'olewa kwenye gari moja ili mengine matatu yatembee. Tena gari linalotembea bila redio linahesabiwa "zima" kwenye baadhi ya ripoti. Haya ni nadra kuandikwa waziwazi, lakini sehemu ya karakana, kama ipo, husema ukweli mwingi kuliko dibaji ya kanali mlezi, mkuu wa heshima wa rejimenti.

Tusiwaonee wahariri. Maeneo, tarehe za safari zijazo na upungufu wa silaha hukatwa kwa sababu za usalama, na inapasa iwe hivyo. Ndiyo maana michezo hupata kurasa 20 na operesheni kurasa 3: matokeo ya ndondi hayahitaji kibali. Lakini kukabidhiana ukuu wa kikosi, kupokea magari mapya au maadhimisho ya rejimenti vinaweza kutajwa kwa mwezi bila kumsaidia adui yeyote. Sehemu ya mipango isiyo na mwezi hata mmoja imeandikwa ili kujaza ukurasa.

Uchapishaji hutofautiana sana. Juu ya kurasa 80 hivi, jarida huunganishwa kwa gundi, na gundi ya bei rahisi hupasuka likifunguliwa kwa nguvu likiwa jipya. Picha ndizo aibu kubwa. Ukurasa mzima wa A4 kwa nukta 300 kwa inchi unadai pikseli 2480 kwa 3508. Picha iliyopita kwenye simu tatu kwa WhatsApp huweza kubaki na pikseli 1600 hivi upande mrefu, ambazo zinatosha sentimita 13 na nusu tu. Ikitandazwa ukurasa mzima, nyuso huwa ukungu. Picha isiyo na majina chini yake, baada ya miaka 20 haina kazi kwa mtu yeyote.

Ukinunua nakala ya PDF, jaribu kutafuta jina ndani yake kwanza. Nyingine ni picha za kurasa zisizotafutika. Na wahariri: mstari mweusi uliowekwa juu ya maandishi hauyafuti, msomaji hunakili yaliyo chini yake. Futa maneno yenyewe kabla ya kutengeneza faili.

Kwa anayefuatilia ukoo, thamani iko kwenye tanzia, orodha ya nishani na waliopandishwa vyeo. Hapo kagua kabla ya kulipa kama rejimenti ilitokana na kuunganishwa kwa nyingine: The Rifles ya Uingereza iliundwa tarehe 1 Februari 2007 kutokana na rejimenti nne, kwa hiyo babu aliyestaafu 1995 hayumo kwenye majarida yake ya mwanzo ila kwa bahati, tafuta ya rejimenti ya awali. Hesabu za fedha za chama cha rejimenti nazo zisirukwe. Linganisha fedha zilizokwenda kwa wajane na wagonjwa na zile za chakula cha jioni.

Kama mfuko unaruhusu toleo moja tu, chagua la mwaka wa kwanza wa mkuu mpya wa kikosi. Anayeondoka huandika kwaheri na kila kitu kimekwenda vizuri. Anayeingia hutaja upungufu bila woga, kwa kuwa ameurithi.