Rektifaya mbadala kwa mitambo ya valvu: uliza volti kabla ya soketi

Malalamiko yamezidi. Msomaji wa Buruburu, Nairobi, ana amplifaya ya valvu, zile taa za kioo za zamani, aliyoachiwa na babake. Rektifaya, valvu inayogeuza umeme wa AC kuwa DC, ilikufa; fundi akatia daiodi mbili, vipande vidogo vya kisasa vya kazi hiyo hiyo, muziki ukarudi, halafu kapasita, kile kikopo kinachohifadhi umeme, ikapasuka na kutapika ndani ya boksi. Mwingine wa South C aliuziwa valvu "kubwa zaidi", na transfoma ikaungua. Dukani wote wawili waliambiwa maneno yale yale: inaingia bila shida.

Kuingia si hoja. Rektifaya za 5Y3GT, 5U4G na GZ34 zote hukaa kwenye soketi ile ile ya miguu minane, lakini kila moja ina volti inazomeza, yaani zinazopotea ndani yake. 5Y3GT humeza kama 60 ikipitisha miliampea 125. GZ34 humeza 17 tu, hata ukifika miliampea 225. Daiodi ni kama haimezi kitu. Aliyeunda mtambo alizipigia hesabu volti hizo zinazopotea. Ukiziondoa, zinawaangukia kapasita na valvu za sauti.

Chukua transfoma ya 300-0-300, yaani volti 300 kila upande. Kwa daiodi, kapasita ya kwanza inapigwa volti 424 mara tu unapowasha, kwa kuwa valvu nyingine bado ni baridi na hazijaanza kuvuta umeme. Sasa ongeza stima yetu ya 240 kwenye mtambo uliopangwa kwa 220: zile 424 zinakuwa 463, na kapasita yenyewe imeandikwa 450. Kabla hujatoa hata shilingi, geuza mtambo utazame nyuma kama kuna kichaguzi cha volti. Ukikikuta kwenye 220, chomoa waya ukutani, kisha ukisogeze 240.

Namba moja kwangu ni 5Y3GT ya zamani ya RCA, kampuni ya Marekani, na upendeleo huu siufichi. Inashusha volti inavyopaswa, na zilitengenezwa nyingi mno kiasi kwamba ambazo hazijatumika bado zinapatikana. Ukishindwa kabisa, Sylvania. Sovtek mpya ina jina hilo hilo la 5Y3GT lakini hutoa volti za juu kuliko ya asili, kwa hiyo usiiwashe bila mita mkononi.

Mtambo wako ukiwa umeandikwa GZ34, nunua JJ GZ34S ya Slovakia na usihangaike. Hata mahali pa 5U4G inafaa kwa upande wa moto, yaani umeme wa kuipasha valvu, maana inavuta ampea 1.9 badala ya 3, ila volti zitapanda, kwa hiyo soma kwanza kapasita zimeandikwa ngapi. Kinyume chake ndicho kinachoua: 5U4G ikiwekwa mahali pa 5Y3GT inadai ampea 3 kwa waya wa transfoma uliosukwa kwa 2. Nadhani hilo ndilo lililomkuta wa South C. Na fundi asikuongezee kapasita kubwa ya kwanza eti kuondoa mvumo. 5Y3GT inavumilia kama maikrofaradi 20, GZ34 ni 60.

Ya tatu ni Copper Cap ya Weber: daiodi ndani ya kikopo chenye miguu ya valvu, pamoja na rezista ya kushusha volti. WY3GT kwa 5Y3GT, WZ34 kwa GZ34. Ni kitu safi, lakini inatoka Marekani, na usafirishaji pamoja na ushuru utakuchosha.

Daiodi tupu za 1N4007 ni rahisi kama njugu. Ziwe mbili mbili zikifuatana kila upande, pamoja na rezista ya kushusha volti. Bila rezista, hapana.

Sasa hawa wanaouza "Mullard", valvu za zamani za Uingereza, mjini. Bei inakaribia kodi ya nyumba, na ukiuliza unaambiwa, "Madam, hii ni orijino, soma jina." Jina linachapwa na yeyote. Mimi natazama chini kwenye kioo, kwenye herufi ndogo za kijivu: za kiwanda cha Mullard cha Blackburn, mstari wa pili huanza na B. Nikiomba ipimwe, mashine eti imeharibika. Nikiomba risiti yenye namba ya valvu, naandikiwa "spea" na muhuri juu. Kwa pesa hizo! Mtu akikataa kuipima mbele yako, mrudishie mkononi uende zako.