Nusu Siku Hol Chan: Huduma ya Kuogelea Juu ya Matumbawe ya Belize Ikipimwa na Mtu wa Moshi

Mkazi wa Moshi ambaye riziki yake inatokana na wageni wa mlima hapati kuwa mtalii mtulivu, kwa sababu kila anapokwenda hujikuta akimkagua mwenyeji wake: brifingi imetolewa vipi, vifaa viko katika hali gani, mwongozaji anawatazama wageni wake au anaitazama simu. Kwa jicho hilohilo niliipima safari ya nusu siku ya kuogelea juu ya matumbawe, kwa miwani na mrija wa kupumulia, kutoka kisiwa cha Caye Caulker nchini Belize, Amerika ya Kati, hadi hifadhi ya bahari ya Hol Chan. Mwenye mashua sitamtaja, kwa kuwa mengi ninayoyaeleza nimeyaona pia kwenye vibanda vya jirani zake, na ingekuwa si haki aibu ya wengi abebeshwe mmoja. Hukumu yangu naitoa mapema: ndani ya maji huduma ni ya kiwango cha juu, lakini maandalizi ya nchi kavu yamefanywa kwa pupa, na lipo jambo moja kuhusu papa ambalo sikubaliani nalo hata kidogo.

Kisiwa chenyewe kiko mwendo wa takriban dakika 45 kwa boti ya abiria kutoka Belize City. Ni tambarare, kina barabara za mchanga, na badala ya magari watu hutumia baiskeli na vigari vidogo vya umeme vya aina ile inayoonekana kwenye viwanja vya gofu. Mkondo unaoitwa The Split, ambao ulipanuliwa na kimbunga Hattie cha mwaka 1961, unakikata vipande viwili, na wasafiri wa begi mgongoni hushinda pembeni yake wakiogelea na kuota jua. Mabango ya kuwataka watu waende taratibu yamejaa kila mahali, ingawa sikumwona mtu aliyekuwa na dalili ya haraka. Kwa anayeanzia KIA, uwanja wetu wa ndege wa Kilimanjaro, safari ni ndefu na ya kuunganisha ndege, na anayepitia Marekani akumbuke kwamba huhitaji viza ya nchi hiyo hata kama hana nia ya kutoka nje ya uwanja.

Kuhusu begi, ushauri wangu unapingana na mazoea ya mji wetu. Moshi ina maduka mengi yanayokodisha vifaa vya kupandia mlima, na kwenye soko la Memorial mtu akiwa na subira hupata mtumba wa begi imara kwa bei ya kuridhisha, hivyo kishawishi cha kuondoka na begi la lita 65 ni kikubwa. Liache. Begi hilo limetengenezwa kwa ajili ya jaketi zito na mfuko wa kulalia, vitu ambavyo kisiwani havina kazi yoyote, na kamba zake nyingi hunasa kwenye kila kingo ya boti. Begi la lita 30 au 40 linatosha kabisa kwa nguo nyepesi, fulana ya mikono mirefu ya kuogelea nayo, kandambili na mfuko usiopitisha maji wa kuwekea pasipoti na simu. Fulana hiyo ndiyo muhimu kuliko vyote, kwa sababu muogeleaji huelea kifudifudi kwa muda mrefu, na mgongo hupigwa na jua bila yeye kuhisi kwa kuwa maji yanampoza. Weusi wa ngozi haumkingi mtu kama wengi wetu tunavyojidanganya.

Kukata nafasi ni kazi rahisi: unafika kwenye kibanda jioni, unaandikisha jina, unarudi asubuhi. Ugumu uko kwenye fedha. Dola ya Belize imefungwa kwenye dola ya Marekani kwa kiwango cha mbili kwa moja, na zote mbili hupokelewa mitaani, kwa hiyo bei ikitajwa kwa neno “dola” peke yake mnunuzi lazima aulize ni dola ya nani kabla hajakubali. Aulize pia kama ada ya hifadhi imo ndani ya bei au inalipwa kando. Kibanda nilichokichagua hakikuwa na bei iliyoandikwa popote, na mtu wa pili kwenye foleni alitajiwa bei tofauti na yangu kwa safari ileile, jambo ambalo kwetu mteja angelipigia kelele mpaka msimamizi aitwe.

Asubuhi ndipo kasoro kubwa zilipojitokeza. Hakuna aliyetuuliza nani anajua kuogelea na nani hajui. Kwa mtu wa bara hili si swali la adabu tu, kwani wengi wetu tuliojifunza tulijifunzia kwenye mabwawa ya hoteli, mahali ambapo ukichoka unasimama, na bahari ya wazi ni habari nyingine. Majaketi okozi yalikuwepo, tena ya kutosha, lakini yalikuwa yamerundikwa chini ya benchi na mgeni alipaswa kuyaomba. Miwani nayo ilitolewa kutoka kwenye ndoo moja, kila mtu ajichagulie.

Hapa inafaa nieleze namna ya kuchagua, kwa kuwa miwani mbaya huharibu safari nzima. Iweke usoni bila kuvuta mkanda nyuma ya kichwa, vuta pumzi kidogo kwa pua, kisha achia mkono: ikishikilia uso inakufaa, ikidondoka rudisha ndooni. Unywele mmoja ukipita chini ya ukingo wa mpira unatosha kuingiza maji, na wenye sharubu nene wana mtihani wao. Mimi nilikuwa nimesuka rasta ndefu kabla ya kuondoka Moshi, na mkanda wa silikoni, ambao hung'ang'ania nywele, ulikuwa ukizivuta kila nilipougusa, hadi nilipofunga kitambaa chepesi kichwani na kuupitisha mkanda juu yake. Mwongozaji wetu, kijana mwenye sauti ya chini, aliliona hilo akiwa upande wa pili wa mashua, akaja bila kuitwa, akaulegeza mkanda na kuushusha kidogo chini ya kisogo, kisha akanionyesha jinsi ya kutema mate ndani ya kioo na kuyasuuza ili kisipate ukungu. Tangu hapo nilimwamini. Ila ilikuwa bahati yangu kwamba aliniona. Utaratibu mzuri haupaswi kutegemea bahati.

Hol Chan ni hifadhi ya bahari iliyoko karibu na ncha ya kusini ya kisiwa jirani cha Ambergris Caye, na ilianzishwa mwaka 1987, mwaka uleule ambao Kilimanjaro iliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Kiini chake ni pengo katika ukuta wa matumbawe, lenye upana wa mita zipatazo 23 na kina cha mita kama 9, ambamo maji ya bahari kuu huingia na kutoka kadiri bahari inavyojaa na kupwa. Kwa sababu chakula hupita hapo siku zote, samaki nao hukaa hapo siku zote. Chewa wakubwa hutulia chini ya miamba, kolekole hupita kwa makundi, na samaki aina ya taa wenye madoadoa meupe hupaa polepole kwenye maji ya buluu upande wa nje. Faida ya pengo ndiyo pia hatari yake, maana mkondo unaweza kuwa na nguvu, na hapo ndipo nilipoiona thamani ya mwongozaji aliyelelewa na bahari: alituanzisha upande ambao mkondo ungeturudisha kwenye mashua, akawaweka wasioweza kuogelea vizuri karibu na boya alilokuwa akilivuta mwenyewe, na kila baada ya muda mfupi alitoa kichwa nje na kutuhesabu kwa kidole.

Alipozamia kutuonyesha mkunga wa kijani aliyejificha kwenye shimo, alinyoosha mkono kuelekea tundu lakini hakugusa jiwe wala samaki, na mgeni mmoja alipotaka kusimama juu ya tumbawe ili arekebishe mapezi yake ya miguuni alimshika kiwiko na kumsogeza kwenye mchanga. Kisha, tukiwa tumeshikilia boya, alitueleza kwa nini pono walikuwa wengi kiasi kile. Tangu mwaka 2009 Belize imepiga marufuku kuwavua, kwa kuwa pono hukwangua mwani unaoota juu ya matumbawe, na mwani ukiachwa huyasonga. Ukiwa majini unawasikia wakitafuna. Nilifikiria meza za samaki wanaoletwa kwetu kutoka Tanga, ambapo pono ni kitoweo cha kawaida, na nikaona kwamba somo lile lingestahili kutolewa na kwenye mashua za pwani yetu.

Kituo cha pili, Shark Ray Alley, ndicho kinachouza tiketi nyingi, na ndicho kilichonichefua. Ni eneo la maji ya kina kifupi lenye mchanga na majani ya bahari, ambako zamani wavuvi walikuwa wakisafisha samaki na kutupa matumbo, mpaka papa na taa wakajifunza kuifuata sauti ya injini. Papa hawa ni wa kahawia, wa aina inayolala na kula sakafuni, wenye ndevu mbili fupi mdomoni, na kwa kawaida hawana habari na binadamu. Nahodha wetu alirusha vipande vya samaki. Maji yalichafuka, papa wakapandiana migongo ubavuni mwa mashua, na wageni wakaambiwa waruke sasa hivi ili wapate picha. Sikuruka mpaka fujo ilipotulia. Sisi wa Kaskazini tunajua matokeo ya kumlisha mnyama wa porini: tunawaonya wageni wasiwape kima chakula, na waliokwenda Ngorongoro wanajua mwewe anavyompokonya mtu paja la kuku mkononi. Mnyama aliyezoeshwa kulishwa ndiye anayelaumiwa siku akimjeruhi mtu. Baada ya chakula kwisha, papa wawili walibaki wamelala mchangani, wakipumua taratibu, na kuwatazama kutoka juu kwa utulivu kulinipa raha kuliko vurugu yote iliyotangulia. Msomaji anayekwenda awaombe waendeshaji wake, kabla ya kulipa, wasirushe chakula, wapo wanaokubali.

Jambo lingine ambalo mtu wa Afrika Mashariki atalitambua haraka ni samaki-simba, mwenye mistari ya rangi ya damu ya mzee na nyeupe na miiba yenye sumu mgongoni. Kwetu katika Bahari ya Hindi yuko nyumbani. Kule Karibi ni mvamizi, hana adui wa kutosha, na hula vifaranga vya samaki wengine bila kiasi, hivyo wavuvi huhimizwa kumtoa na migahawa humpika. Nilimla, na nyama yake ni nyeupe na laini. Hali ya matumbawe yenyewe haikuwa ya kufurahisha kila mahali: sehemu kadhaa zilikuwa zimepauka, na mwongozaji hakuficha kwamba joto la bahari la miaka ya 2023 na 2024 limeyaumiza. Ukuta huu wote wa Belize uliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1996, ukawekwa miongoni mwa maeneo yaliyo hatarini mwaka 2009, ukaondolewa humo mwaka 2018 baada ya serikali kusitisha utafutaji wa mafuta baharini. Joto, hata hivyo, halizuiwi kwa sheria ya nchi moja.

Malazi na chakula sina la kulalamikia. Hosteli zina vyumba vya dabo deka vilivyo safi, na asubuhi huuzwa unga wa ngano uliokaangwa, binamu wa andazi asiyetiwa sukari, pamoja na maharage na mayai. Wali wao hupikwa kwa nazi na maharage ndani yake, kwa hiyo tumbo la Mtanzania halishtuki.

Miezi ya Februari hadi Mei ndiyo yenye mvua chache, na msimu wa vimbunga ni Juni hadi Novemba. Mwani wa kahawia unaoelea, ambao tangu mwaka 2011 umekuwa ukifika Karibi kwa wingi, huweza kurundikana ufukweni na kunuka wakati wowote wa joto, ingawa kwenye ukuta wa matumbawe wenyewe haukutusumbua.

Kwa asiyewahi kuweka uso majini, nisingemshauri aanzie huko. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, ina ghuba ya Chole yenye matumbawe ya kujifunzia, na nauli yake haihitaji mtu auze shamba la kihamba. Akishazoea, ndipo Belize itamlipa. Na akifika, tipu ampe mwongozaji mkononi mwake mwenyewe. Ndoo ya tipu iliyokuwa kibandani ilichukuliwa na muuza tiketi, na kijana aliyetuhesabu majini alikuwa tayari ameshaanza kupakia mitungi ya mafuta kwa safari ya mchana.