Tangi la turubai la kubatizia: linafaa kupelekwa Burundi?

Tangi lenyewe ni lile la fremu ya mabomba na turubai la PVC ambalo mafundi wa maturubai hapa Dar es Salaam hulishona kwa oda. Kanisa la Kibaptisti la Dar lenye pwani karibu haliihitaji sana mali hii. Timu inayokwenda kuhubiri Burundi, kwenye vilima ambako mto uko bondeni na maji ni ya baridi, inaihitaji. Je, linafaa? Linafaa, ila uagize kwa vipimo vyako. Sampuli iliyosimamishwa nje ya karakana iache hapo hapo.

Tatizo la sampuli ni urefu. La mita 1.5 linamtosha mtoto wa Sunday School, na Wabaptisti hawabatizi watoto wachanga. Mtu mzima akilazwa chali humo kisogo kinagonga bomba, kwa hiyo mchungaji anaishia kumkunja kama mkeka. Agiza mita 2 kwa mita 1, ukuta mita 1.1, na maji yaishie sentimita 90. Hizo ni lita 1,800, yaani tani 1.8 kabla hajaingia mtu. Ndiyo maana halipandishwi kwenye ukumbi wa kupanga wa ghorofani: kila mita ya mraba inabebeshwa kilo 900, na slabu ya kawaida haikujengewa mzigo huo. Liweke ardhini, na kabla ya kujaza pima usawa kwa mpira wa maji kama fundi mwashi. Upande mmoja ukizama sentimita tano tu, miguu ya upande huo ndiyo inayobeba lawama zote.

Sasa mikanda, na hapa ndipo mafundi wengi wanapokosea. Kwa kina hicho, kila ubavu mrefu unasukumwa kwenda nje kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 800 hivi, na nguvu hiyo imelemea chini, kwenye theluthi ya kina kutoka sakafuni. Kwa hiyo mkanda wa kwanza uzunguke fremu sentimita 30 kutoka chini, wa pili sentimita 60. Fundi akiachwa aamue mwenyewe anaweka mmoja juu, panapoonekana na wateja. Juu panakaa sawa, chini turubai linatuna, miguu inapanuka, na maungio ya pembeni yanaanza kuachia wakati watu wanaimba.

Maungio yachomelewe kwa joto, yapandane kwa upana wa sentimita 4. Mshono wa cherehani unavuja kwenye kila tundu la sindano, hata ukipakwa gundi. Dai turubai la gramu 900 kwa mita ya mraba. La gramu 650 ni zuri kwa kufunika mzigo wa lori, na fundi atakuapia kwamba ni lile lile. Koki ya kumwagia iwe ya inchi 2, ya plastiki, chini kabisa. Ya chuma haifai kwa maji ya visima vya Dar yenye chumvi, na ya nusu inchi itawakesha. Kwa koki ya inchi 2 tangi linakauka ndani ya nusu saa hivi.

Kwa usafirishaji halina shida. Turubai ni kilo kama 9, fremu ya bomba la inchi moja na nusu inapita kidogo kilo 40, na hakuna kipande kinachozidi mita 2, kwa hiyo linaingia kwenye buti ya basi. Ngazi ndizo zinazosahaulika. Ziwe mbili, ya nje na ya ndani, na ya ndani iwe na mpira miguuni, la sivyo inatoboa sakafu ya turubai. Mwambie fundi akutenganishie bei ya fremu na ya turubai. Turubai litachoka mapema, na ni vizuri kujua gharama ya kulibadilisha peke yake.

Maji yakishakuwamo, nusu kikombe cha Jiki ya asilimia 3.5, yaani mililita 100, kinatosha lita 1,800. Pampu ya kujazia maji ichomolewe kwenye umeme kabla mtu hajatia mguu. Maiki ya waya ishikwe na shemasi aliyesimama nje ya tangi, kwenye pakavu. Mchungaji aliyemo majini asiiguse kabisa. Hili halina mjadala.

Joho nalo. Ungamo la Wabaptisti wa London la mwaka 1644, lililotaka mwili wote uzamishwe, lilisisitiza pia mavazi ya staha kwa mbatizaji na mbatizwa. Kitambaa cheupe chepesi kikilowa kinaonyesha kila kitu, na upindo unapanda juu kama mwavuli. Shona kwa drili nzito, kisha ndani ya upindo tia chubwi za wavuvi, vile vizito vya kuzamishia mshipi, nne au sita. Zinapatikana Feri, kwenye soko la samaki la Dar. Mtu mnene au mzee asilazwe chali: apige magoti ndani ya maji, ainamishwe mbele. Amezama vile vile.

Kinachobaki ni mahali pa kuliweka, na fundi wa turubai hawezi kukusaidia hapo. Burundi wengi ni Wakatoliki. Wabaptisti walioanza kazi huko ni wamisionari wa Denmark, waliofika Musema mwaka 1928, baada ya mapadri kutangulia kwa miongo kadhaa. Timu nyingi hudhani jirani Mkatoliki anashangazwa na wingi wa maji. Siyo hivyo. Sheria ya Kanisa Katoliki, kanuni ya 854, inaruhusu kuzamisha au kumimina. Kinachomuudhi ni kanuni ya 845: ubatizo haurudiwi. Kwa Mbaptisti ule wa utotoni haukuwa ubatizo, kwa hiyo harudii kitu. Kwa paroko mmemrudia mtu aliyekwisha kuandikwa katika kitabu chake. Ubishi huu ulikuwapo pia Brazil, ambako kanisa la Kibaptisti la Salvador, Bahia, lilianza mwaka 1882 na watu watano, mmoja wao padri wa zamani.

Kwa hiyo tangi la kuhamishika lina kishawishi chake: linaweza kusimamishwa popote, hata kando ya barabara, spika zikielekezwa kwa watu wanaotoka misa ya kwanza. Ni matumizi mabaya ya chombo kizuri. Liweke ndani ya ua wa kanisa la wenyeji, alasiri, na ndugu Wakatoliki wa mbatizwa wapewe viti vya mbele. Mbatizwa asiagizwe kuleta cheti cha parokia ili kichanwe mbele ya watu. Afundishwe kwanza na wachungaji wa pale, kwa sababu ndio watakaobaki naye basi likisharudi Dar.

Kwa matumizi ya hapa hapa, Kimara au Mbagala, bado linafaa kuliko kukodi magari hadi ufukwe wa Kunduchi. Wa pwani waendelee na bahari. Ni bure, ila wasome jedwali la maji kupwa na kujaa: kwenye bamvua, siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji yanakupwa hadi mnatembea muda mrefu kutafuta kina cha kiuno.

Baada ya kazi lisuuze kwa maji baridi, lianike pande zote mbili, kisha uliviringishe. Ukilikunja, mikunjo inapasuka. Likifungwa bichi kwa safari linafika na ukungu mweusi usiotoka. Beba kiraka cha mita moja ya turubai lile lile, gundi ya PVC na koki ya akiba.